UZI: Georges St-Pierre (GSP), kapigwa mara mbili tu na zote akalipa. Timu Khabib karibuni kwa ustaarabu

Mwana Chikongola:

Wakuu salaam, za jioni.

Hapa kijiweni kwetu Mtwara ukitaja UFC tu, yale mapambano ya Marekani ya ngumi, mateke na kubwagana, watu wanajibu Khabib, yule Mrusi Khabib Nurmagomedov. Ukiuliza nani mkali wa muda wote, Khabib. Nani alistaafu kwa heshima, Khabib tena. Sina ugomvi na yule mwamba, 29 kwa 0, yaani kashinda zote 29, sio mchezo, lakini kuna madogo hapa hawajawahi hata kumsikia Georges St-Pierre na wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, sasa leo nina bando la kutosha acha niutoe huu uzi roho itulie.

Hoja yangu ni hii: mtu ambaye hajawahi kupigwa hatujui angefanya nini siku akipigwa. GSP tunajua. Kachezea kichapo mara mbili kwenye ngumi za kulipwa, mbele ya dunia nzima, na wote wawili waliompa aliwafuata akawamaliza. Kaacha rekodi ya 26 kwa 2 na mimi hizo 2 ndo zinanifanya nimkubali.

Jamaa ni Mkanada, kazaliwa 1981 Saint-Isidore huko Quebec, kule wanakoongea Kifaransa. Shuleni alikuwa anaonewa vibaya, wanamnyang'anya nguo, wanamchukulia hela, baba yake alikuwa anajua karate ya kyokushin akamuanzishia dogo akiwa na miaka 7. Kyokushin kwa msioijua sio ile ya kupiga hewa mkiwa mmejipanga mstari, watu wanapigana kweli bila glavu, ngumi ya uso ndo hairuhusiwi ila teke la kichwa ruksa. Alivyokua akawa baunsa wa klabu ya usiku, akadandia gari la taka miezi 6 ili apate ada ya chuo.

Halafu kuna hili la basi ambalo mimi ndo linanimaliza kabisa. Jiu-jitsu (mchezo wa kukabana na kukunjana viungo chini) ya maana wakati huo ilikuwa New York kwa mwalimu Renzo Gracie, na yeye yuko Montreal, hela ya ndege hana. Akawa anapanda basi wikiendi anaenda kukabwa, anarudi. Montreal mpaka New York ni kama hapa Mtwara kwenda Dar, kilomita zinakaribiana kabisa. We nikwambie leo panda basi la alfajiri uende Dar ukapigwe roba na watu usiowajua, Jumapili usiku uwe umerudi kazini, ungeenda? Hukohuko ndo akakutana na John Danaher ambaye alikuja kumfundisha miaka mingi.

Kaanza ngumi za kulipwa 2002. Januari 2004 kaingia UFC kamchapa Karo Parisyan kwa pointi, mwezi wa 6 kamzima Jay Hieron, mwezi wa 10 wanampa Matt Hughes kugombea mkanda wa welter, kilo 77, uliokuwa wazi. Ana miaka 23. Hughes ndo mtu aliyekuwa anamhusudu, na GSP mwenyewe alishakiri kwamba walivyokutanishwa uso kwa uso hakuweza hata kumuangalia machoni. Pambano ameshalipoteza pale.

Sasa sikia. Raundi ya kwanza inaelekea kuisha, wako chini, GSP kalala chali anajaribu kumkunja Hughes mkono, Hughes anazunguka juu yake, anauwahi mkono wa GSP, anakaa, anaunyoosha. GSP anagonga, yaani kasalimu amri. Saa inasoma 4:59. Raundi ni dakika 5.

Naendelea, ngoja nikale.

Dogo wa Naliendele:

Sekunde moja?? Si angevumilia tu bro 😂

Kocha Jebu:

@Dogo wa Naliendele njoo nikushike mkono halafu uvumilie hiyo sekunde moja. Kiwiko kikishanyooka na nyonga ya mtu iko chini yake, kinachofuata ni kurudi upande ambao Mungu hakukiumbia. Na mtu aliyelala pale haoni saa, anaona paa.

Mleta uzi endelea, uzi mzuri huu. Watu hapa wanajua Mandonga tu.

Korosho Ghafi:

Nimeweka kiti nakusubiri umalize. Ila nitangulize tu, Khabib alimuomba huyo mtu wako pambano na halikufanyika. Jiulize kwa nini.

Mwana Chikongola:

@Korosho Ghafi hilo la kwako lina jibu lake, tulia mzee baba.

Nimerudi. Baada ya Hughes jamaa hakukaa kulia lia. Jason Miller, Frank Trigg, Sean Sherk, wote wamepita. Trigg alipigwa kabali ya nyuma, Sherk yule bonge la misuli akatandikwa chini mpaka refa akaingia. Machi 2006 akakutana na BJ Penn, raundi ya kwanza Penn kamchana uso mpaka damu, GSP kageuza akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.

Novemba 2006 Sacramento, Hughes tena. Safari hii alimuangalia machoni. Mwisho wa raundi ya kwanza kamrukia na ile ngumi ya kurusha mguu nyuma, ikafuata ya kushoto, Hughes chini, kengele ikamuokoa. Raundi ya pili akawa anampiga mateke ya paja paja, Hughes mikono inashuka kufuata mateke, halafu mguu uleule wa kushoto ukaenda kichwani. Kwisha habari. Mkanda ukaenda Quebec. Moja ameshalipa.

Sasa tuje kwenye maumivu. Aprili 7, 2007, Houston. Matt Serra.

Serra ni mfupi, kajaa jaa hivi, mtu wa New York, jiu-jitsu kali lakini ngumi watu walikuwa hawamhesabu. Nafasi ya kugombea mkanda aliipata kwa kushinda kile kipindi cha runinga cha UFC, yaani hata kwenye foleni hakuwepo. Watu walishaanza kuongelea GSP atapigana na nani baada ya hapo. Wabongo mnakumbuka Mwakinyo alivyotua Birmingham 2018 hakuna anayemjua akamzima Sam Eggington raundi ya pili kwao? Basi usiku ule GSP ndo alikuwa Eggington.

Ukiangalia vizuri ile ngumi haikutua kidevuni. Serra kazungusha mkono wa kulia ukamkuta GSP pembeni ya kichwa nyuma ya sikio, na hapo ndo penye mambo ya mizani ya mwili, miguu ikaanza kucheza sindimba bila ngoma. Na badala ya kumkumbatia mtu, ashike kiuno apumue, yeye akataka kurudisha. Bingwa, kadhalilishwa, hasira. Kila akirudisha anakula nyingine. Dakika ya 3 na sekunde 25 raundi ya kwanza mchezo umeisha, Serra anaruka ruka na mkanda.

Hapo ndo watu wengi wanapotea jamani. Angalieni mabingwa wangapi wamepigwa hivyo wakarudi wakiwa waoga, wakarudi wakiwa na visingizio, au hawakurudi. Huyu alibadilisha watu waliomzunguka, Firas Zahabi wa jimu ya Tristar pale Montreal akawa kocha wake mkuu, akatafuta mtaalamu wa saikolojia ya michezo. Huyo mtaalamu akamwambia chukua tofali, andika jina la Serra, tembea nalo, siku ukiwa tayari litupe mtoni. Akaandika, akalitupa. Mnaweza kucheka lakini lilifanya kazi.

Binti Mikindani:

Naomba kuuliza kaka, tofali zima zima la kujengea? 😅

Mwana Chikongola:

@Binti Mikindani dada yangu tofali lenyewe kabisa, sio kipande. Kasimulia mwenyewe mara nyingi.

Namalizia deni la pili. Agosti 2007 kampiga Josh Koscheck. Huyu Koscheck alikuwa bingwa wa mieleka wa vyuo Marekani mwaka 2001, na GSP akambwaga yeye. Mtu ambaye hajacheza mieleka shuleni hata siku moja. Halafu Serra akaumia mgongo, alikuwa apigane na Hughes Desemba 2007, GSP akaingia kuziba nafasi, wakagombea mkanda wa muda. Raundi ya pili kamkunja Hughes mkono, Hughes akapiga kelele kwamba basi. Kukunjwa mkono kulekule alikomfanyia yeye 2004! Mimi siamini kama ilikuwa bahati.

Aprili 19, 2008 Serra mwenyewe, Montreal, na ndo ilikuwa mara ya kwanza UFC kwenda Kanada. Kengele imelia tu GSP kazama miguuni kambeba kambwaga, sekunde za mwanzoni kabisa. Hakumpa nafasi ya kurusha ule mkono. Raundi ya pili kamuweka Serra kapiga magoti kajikunja anajificha uso, jamaa anashindilia magoti ya mbavu, moja, lingine, lingine, mpaka refa kasema inatosha. Uwanja ule ulivyolipuka, tafuteni klipu muweke sauti.

Korosho Ghafi:

Sawa nimesoma yote. Sasa na mimi niseme.

Kwanza hongera kwa maelezo, umejipanga. Ila mbona umesimama 2008? Sema na ya mbele. Kuanzia 2009 na Thiago Alves, Hardy, Koscheck, Shields, Condit, Diaz, Hendricks, mapambano 7 mfululizo YOTE pointi. Saba! Mtu umeamka alfajiri Jumapili, maana kwetu UFC ni alfajiri, umetoka kuswali hujarudi kulala, unaangalia mtu anamlalia mwenzake dakika 25. Khabib alikuwa anakulalia lakini anakupiga na anakuongelesha na mwisho anakukaba. Poirier kakabwa, Conor kakabwa, Gaethje kakabwa. Oktoba 2020 Abu Dhabi, baba yake Abdulmanap amefariki Julai ya mwaka huohuo, kaingia kamaliza raundi ya pili, kaweka glavu chini kaondoka na sifuri yake. Hapo unamuweka nani juu yake?

Lindi Mjini:

Na hapo kwa Hendricks naomba pasipitwe. Hendricks aliibiwa mchana kweupe. Nipo hapa mpaka uzi ufungwe.

Kocha Jebu:

Mimi nafundisha ngumi za kawaida, mambo ya kulaliana sio fani yangu sana, lakini @Korosho Ghafi niruhusu nikuoneshe kitu kwenye hizo pambano "za kuchosha".

Angalia la Koscheck la pili, Desemba 2010. GSP kapiga jebu dakika 25. Jebu tu, mkono wa kushoto. Koscheck katoka na mfupa wa jicho umevunjika, jicho limefumba tangu mwanzoni. Kwa jebu! Ngumi ambayo vijana wangu hapa Ligula nikiwaambia wapige 100 wananuna wanataka ndoano.

Kwa nini Koscheck hakuikwepa? Kwa sababu mwanzo wa jebu ya GSP na mwanzo wa kubeba miguu ni hatua ileile. Ule mguu wa mbele unateleza, goti linapinda kidogo, bega la kushoto linasogea. Hapo we mpinzani una nusu sekunde uamue, unashusha mikono kuzuia miguu au unaipandisha kuzuia uso. Ukishusha umekula jebu. Ukipandisha uko hewani. Halafu anaingia kutoka mbali, ile ni karate, watu wa mieleka wamezoea mtu anayesogea sogea kwanza ndo azame, huyu anatokea mbali kama vile bado hajafika na ameshafika. Ndo maana kawabwaga watu wa mieleka kuliko wao walivyombwaga. Alistaafu akiwa na mibwago 90 UFC, ilikuwa rekodi kwa miaka mingi.

Na mieleka aliijua ukubwani, kwa kufanya mazoezi na wale wa timu ya taifa ya Kanada pale Montreal, wanamtupa wanamtupa mpaka akajua.

Dogo wa Naliendele:

Kocha sasa mtu kama mimi nianzeje kujifunza hiyo hatua

Kocha Jebu:

Jebu 100 kwanza.

Mwana Chikongola:

@Korosho Ghafi nakujibu na uniheshimu.

Pointi 7 mfululizo ni kweli, sikatai. Lakini angalia ndani yake. Alves 2009, UFC ya 100, katikati ya pambano msuli wa kinena ukamvutika, na bado akaendelea kumbwaga yule Mbrazili bonge la mtu mpaka mwisho. Dan Hardy 2010, mkono ulikunjwa mpaka sisi tunaoangalia tunageuza uso, Hardy hakugonga, sasa hapo GSP afanyeje, auchomoe? Shields 2011 Toronto walijaa watu 55,724, rekodi ya UFC wakati huo, yaani Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 unakaribia kujaa kwa ajili ya mtu mmoja. Jicho likaumia hakuwa anaona vizuri, kashinda. Kama ni mtu wa kuchosha hao watu walifuata nini?

Baada ya hapo goti likaachia, mshipa wa ndani ya goti ule ambao wachezaji mpira wetu ukikatika tunawaaga. Karudi Novemba 2012 na Carlos Condit. Hili ndo naomba kila mtu aliangalie. Raundi ya tatu Condit kamtega, ngumi halafu teke la kichwa, GSP chini, Condit juu anashindilia. Ni kama Houston ya Serra tena! Mtu yuleyule, hali ileile, kichwa kinazunguka. Safari hii hakutaka kurudisha. Kajikunja, kashika mikono, kasogeza nyonga, kapata mguu, akasimama. Kabla raundi haijaisha yeye ndo yuko juu. Nyie mnaona pointi, mi naona mtu anafanya mtihani ule alioufeli 2007 na anaupasua.

La Khabib sasa. Khabib alimtaka, kweli. GSP naye alimtaka, na alivyotangaza kustaafu Februari 2019 alisema wazi kwamba walijaribu likashindikana kwa sababu UFC walikuwa na mipango mingine. Hakuna aliyemkimbia mwenzake. Sababu unaijua, mtu ambaye akishinda mkanda anaweza kuuacha kesho yake, promota hampendi, hela yake iko kwenye mkanda kubaki ukizunguka.

Korosho Ghafi:

Hapo kwenye promota umenipata. Hata kwenye mnada wa korosho mwenye hela ndo anapanga siku. Ila 29-0 haifutiki.

Lindi Mjini:

HENDRICKS. Novemba 2013. Mbona kimya?

Mwana Chikongola:

@Lindi Mjini haya njoo.

Majaji: 48-47, 48-47 kwa GSP, na mmoja 48-47 kwa Hendricks. Raundi ya 2 na ya 4 wote walimpa Hendricks, ya 3 na ya 5 wote wakampa GSP. Ugomvi wote ni raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza GSP alianza kwa kumbwaga, akajaribu kumkaba, Hendricks akaja na viwiko vya pembeni na ngumi. Ilikuwa raundi ya kutupa shilingi.

Lindi Mjini:

Kutupa shilingi wapi, umeona sura zao baada ya pambano? GSP alikuwa kama kaangukiwa na nazi, Hendricks anatabasamu kama katoka harusini. Bosi wa UFC mwenyewe Dana White alitoka na hasira siku ile. Huku Lindi tuliangalia kwa mtu, hata mama mwenye nyumba aliyepita na maandazi alisema mwenye ndevu kashinda.

Binti Mikindani:

Jamani sura haihesabiwi pointi 😂 kuna watu wanavimba wakiguswa tu.

Naomba nichangie nilipo na uelewa maana mi ni muuguzi. Kaka mleta uzi hujafika kwenye kurudi kwake 2017 ila nasoma kwamba aliacha mkanda kwa ugonjwa, na watu mtandaoni wanasema "vidonda vya tumbo". Sio vidonda vya tumbo hivi tunavyovijua vya kuambiwa usile pilipili na maharage. Alichougua ni kidonda cha utumbo mpana, chini kabisa, kinga ya mwili yenyewe inashambulia ukuta wa utumbo. Mtu anaharisha damu, tumbo linanyonga, uzito unashuka, anachoka. Unakuja unaondoka unarudi. Sasa fikiria huyo ndo anaambiwa aongeze kilo.

Mwana Chikongola:

Ahsante dada Binti Mikindani, umenirahisishia.

Ndo hivyo. Baada ya Hendricks alisema anahitaji kupumzika, Desemba 2013 akaachia mkanda alioutetea mara 9 mfululizo. Alikuwa kachoka kichwa. Na kitu kingine hakisemwi sana, kabla ya Hendricks alitaka wote wawili wapimwe dawa za kuongeza nguvu na watu wa nje, akajitolea yeye kwanza, watu wakamuona msumbufu. Mwaka 2015 UFC wenyewe wakaleta upimaji wa USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo, kwa wapiganaji wote. Sasa nani alikuwa msumbufu?

Kakaa nje miaka minne. Novemba 4, 2017, Madison Square Garden, kapanda uzito mpaka kilo 84 kupigana na bingwa Michael Bisping wa Uingereza. Miaka 36. Alijilazimisha kula ili aongezeke na tumbo likawa linamkataa. Bisping akiwa kalala chali akawa anamchana na viwiko, uso wa GSP damu tupu. Raundi ya tatu kaachia ndoano ya kushoto, Bisping kaenda chini, kafuata na viwiko, kazunguka mgongoni, roba. Bisping hakugonga, alizimika mikononi. (Na huyo Bisping jicho moja lilikuwa halioni, miaka yote ile, mtu mwingine wa kuandikiwa uzi wake.)

Bingwa wa uzito wa pili. Mwezi mmoja tu baadaye kaurudisha mkanda, tumbo. Watu wakamtukana eti kakimbia Whittaker, bingwa wa muda wa uzito huo. Mi nikisoma alichoandika hapa dada Binti Mikindani naona afadhali alivyoondoka. 2019 kastaafu rasmi, 2020 katangazwa kuingia kwenye ukumbi wa heshima wa UFC.

Korosho Ghafi:

Na mafuta mgongoni je? Pambano na Penn la Januari 2009. Au hilo limeteleza? 😏

Mwana Chikongola:

Nilijua litakuja. Watu wa kona yake walikuwa wanampaka vaselini usoni kama kawaida, halafu mkono uleule ukapita mgongoni na kifuani kumfanyia masaji. Penn akalalamika kwa kamisheni ya michezo ya Nevada, wakalisikiliza, GSP hakuadhibiwa. Ilikuwa makosa ya kona, sipambi. Lakini Penn alikuwa kapigwa raundi nne mpaka kona yake wakamkataza kusimama kwa ya tano. Vaselini haikumpiga Penn ngumi.

Kocha Jebu:

Kwenye ngumi zetu pia mafuta ni nyusi na mashavu, kona ikizidisha refa anakufuta na taulo mbele ya watu. Ila hapo nakubaliana na Korosho Ghafi kidogo, mtu wa jiu-jitsu kama Penn kazi yake ni kung'ang'ania, mgongo ukiteleza umempunguzia silaha. Doa dogo lipo.

Dogo wa Naliendele:

Wakuu nimeelewa, sasa kwa mtu mwenye bando dogo aangalie lipi kwanza?

Mwana Chikongola:

Dogo bando likiwa dogo acha mapambano mazima. Tafuta mwisho wa Hughes la kwanza, Serra la kwanza lote maana ni fupi, Serra la pili, na raundi ya tatu ya Condit. Ukipata wifi ya mtu ndo uangalie Koscheck la pili lote, ukiwa na daftari kama Kocha Jebu anavyotaka.

Korosho Ghafi:

Nimeangalia hiyo ya Condit. Kusimama pale ni uanaume, nampa. Ila Khabib asingewekwa pale chini kabisa, asingefika huko. Tusubiri msimu, malipo ya korosho yakiingia nanunua TV kubwa tuje kubishana vizuri kwangu Magomeni, ming'oko na pweza juu yangu.

Binti Mikindani:

Kwenye pweza nimo 🙋🏾‍♀️

Lindi Mjini:

Nakuja na mimi, gari la asubuhi nafika mchana. Lakini tunaanza na raundi ya kwanza ya Hendricks, na sauti tunazima ili mtangazaji asiwadanganye. Kila mtu ana karatasi yake, anaandika 10-9 ya nani (mshindi wa raundi 10, mwenzake 9), hakuna kuchungulia ya mwenzako.

Mwana Chikongola:

Kubali. Na mama wa maandazi mlete.

Lindi Mjini:

Ndo jaji mkuu.